Marekani: Mbio za magari zapoteza watu kwenye viwanja vikubwa, kiwanja cha mtaani chabaki na watu wake

Mjini Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, watu hupanga mistari mbele ya kiwanja cha Bowman Gray kabla jua halijazama. Ni Jumamosi, kati ya Aprili na Agosti. Wengine wamebeba mito ya kukalia, maana ngazi za simenti hazimhurumii mtu atakayekaa hapo saa tatu nzima. Wengine wamewaziba watoto masikio kwa vifaa vya kupunguza kelele. Ikifika saa mbili za usiku taa zinawaka, injini zinanguruma, na hakuna tena anayesikia jirani yake anasema nini.

Ndani hamna barabara ndefu kama ile inayoonekana kwenye televisheni. Kuna uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye majani, na kandokando yake ukanda wa lami wenye urefu wa robo maili, yaani mita 400 na kidogo, kama njia ya wakimbiaji wa miguu. Kwenye ukanda huo magari yapatayo ishirini yanaachiliwa kwa pamoja. Gari lenye kasi linamaliza mzunguko mmoja kwa chini ya sekunde 15. Pa kupitia ni padogo, kona ni tambarare, na anayetaka kumpita mwenzake mara nyingi hana njia nyingine ila kumgusa kwa nyuma, amsogeze, apite. Aliyesogezwa hasahau. Wiki inayofuata watakutana tena palepale, na watu wote kiwanjani wanajua deni liko wapi. Si ajabu wenyeji wamekipa kiwanja hicho jina la "Madhouse", nyumba ya wendawazimu.

Bowman Gray kilijengwa miaka ya 1930, katika mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa kazi watu wakati wa shida kubwa ya uchumi. Mbio za magari za kila juma zilianza hapo mwaka 1949, zikiletwa na Bill France na mwenzake Alvin Hawkins. Hakuna kiwanja kingine cha NASCAR kilichoendesha mbio za kila juma kwa muda mrefu kama hicho. Kinaweza kupokea watu wapatao 17,000, karibu sawa na kiwanja cha TP Mazembe kule Kamalondo, mjini Lubumbashi. Na anayejua Kamalondo inakuwaje siku ya mechi kubwa ameshapata picha.

Lakini katika miaka hiyohiyo ambayo Bowman Gray kimeendelea kujaza ngazi zake, viwanja vikubwa vya mchezo uleule vimekuwa viking'oa viti.

Tiketi za kurithishwa

Magari ya mbio hizo huitwa "stock-car". Maana ya mwanzo ni gari la kawaida, lile la kununuliwa dukani, ambalo fundi ameliondoa viti, akalitia vyuma vya kumlinda dereva na kuliongezea nguvu injini. Siku hizi yale ya daraja la juu hayafanani na la dukani isipokuwa kwa sura. Shirika linaloyasimamia, NASCAR, lilianzishwa mwaka 1948 na Bill France huyohuyo. Kwa miaka hamsini lilikua bila kurudi nyuma, kutoka mchezo wa vijiji vya kusini hadi mchezo wa taifa zima.

Mfano mzuri wa kupanda na kushuka kwake ni Bristol, katika jimbo la Tennessee. Kiwanja hicho, kilichofunguliwa mwaka 1961, kina njia ya mita 860 hivi, ila kuta zake za viti zimepanda juu pande zote kama bakuli. Kilipofikia kilele kilikuwa na nafasi za watu karibu 160,000. Ni mara mbili ya Stade des Martyrs ya Kinshasa. Kuanzia mwaka 1982, tiketi za mbio zake kubwa zilimalizika zote mara 55 mfululizo. Ilisemwa kwamba watu waliziandika katika hati za urithi, na wanandoa walioachana waligombania nani abaki nazo.

Mwezi wa Machi 2010 mfululizo huo ulikatika. Viti vilibaki vitupu, na tangu hapo vitupu vikawa jambo la kawaida. Kufikia mwaka 2013, NASCAR iliacha kutangaza hesabu za watazamaji wa mbio zake. Daytona, kule Florida, ambako ndiko makao ya mchezo wenyewe, ilitumia takriban dola milioni 400 kujijenga upya, na kazi ilipomalizika mwanzoni mwa 2016 viti vilikuwa vimeshuka kutoka karibu 146,000 hadi 101,000 na kidogo. Viwanja vingine viling'oa safu nzima na kuweka matangazo ya biashara mahali pake, au sehemu za kuegesha magari ya kulala. Kampuni inayomiliki Bristol na viwanja vingine kadhaa iliona mapato yake ya tiketi yakishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi iliyofuata mgogoro wa uchumi wa 2008.

Mgogoro huo ndio unaotajwa kwanza, na si bure. Shabiki wa mbio za magari Marekani husafiri mbali. Huendesha kilometa mia nne au mia tano, hulala hotelini siku mbili au tatu, hula, hunywa, hununua kofia. Mwaka ule mafuta yalipanda, kazi zikapungua, na wenye hoteli karibu na viwanja hawakuacha tabia yao ya kupandisha bei mara dufu na zaidi kila wikendi ya mbio. Familia iliyozoea kwenda mara mbili kwa mwaka ikaenda mara moja, kisha ikabaki nyumbani.

Lakini uchumi ulipoinuka, watu wengi hawakurudi. Hapo maelezo ya mafuta na hoteli yanafikia kikomo.

Bristol yenyewe inatoa dalili. Mwaka 2007 wenye kiwanja waliitengeneza upya njia yake ili magari yaweze kupitana bila kugusana. Kwa mhandisi, hayo yalikuwa maendeleo. Kwa mashabiki ilikuwa kana kwamba wamenyang'anywa kile walichokuwa wanalipia: kugongana, hasira, kofia ya chuma inayorushwa kwenye kioo cha mpinzani. Baada ya viti vingi kubaki vitupu mwezi wa Machi 2012, mwenye kiwanja, marehemu Bruton Smith, aliagiza sehemu ya juu ya njia ichongwe ili magari yabanane tena. Na ili isidhaniwe kwamba watu wa eneo hilo wamechoka kusafiri au hawana pesa, mwezi wa Septemba 2016 kiwanja hichohicho kiliweka mpira wa Kimarekani kati ya timu mbili za vyuo vikuu vya jirani, Tennessee na Virginia Tech. Walikuja watu 156,990.

Pesa za televisheni nazo zilibadilisha hesabu. Tangu mwaka 2001 NASCAR inauza haki za kuonyesha mbio zake kwa mkataba mmoja wa taifa zima, wenye thamani ya mabilioni ya dola. Pesa hizo zilipoingia, viwanja vipya virefu vilipata nafasi katika ratiba: Kansas, viunga vya Chicago. Vile vya zamani vya kusini vilinyang'anywa tarehe zao. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha mbali katika kiwanja cha kilometa mbili na nusu huona magari kama punje za mahindi zinazozunguka, na ili ajue nani anaongoza lazima atazame skrini. Na skrini anayo nyumbani.

Mei 2020: viwanja viwili, mahesabu mawili

Kilichokuja kuonyesha waziwazi tofauti ya viwanja vikubwa na vidogo ni ugonjwa wa Korona.

Tarehe 17 Mei 2020, baada ya kusimama kwa zaidi ya miezi miwili, NASCAR ilirudisha mbio zake kubwa katika kiwanja cha Darlington, South Carolina. Hakukuwa na mtazamaji hata mmoja. Magari yalizunguka, kamera zilirekodi, mshindi alitoka garini na kushangilia mbele ya viti vitupu. Na mambo yakaenda. Televisheni ilikuwa imelipa.

Siku sita baadaye, katika kijiji cha Altamahaw, North Carolina, kiwanja kidogo kiitwacho ACE kilifungua milango na kupokea zaidi ya watu elfu mbili, kinyume na amri ya gavana iliyokataza mikusanyiko mikubwa. Serikali ya jimbo ilikiamuru kifungwe. Kesi iliyotokana na ugomvi huo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwaka 2024 iliwaruhusu wenye kiwanja kuendelea na madai yao. Ugonjwa ulikuwa unaua, na mtu anaweza kuona kwamba gavana alikuwa na haki ya kuogopa. Hata hivyo hesabu ya kiwanja ilikuwa rahisi mno: bila watu mlangoni, hakuna kitu. Hakuna mkataba wa televisheni, hakuna kampuni kubwa ya simu iliyobandika jina lake ukutani. Kuna tiketi, kuna soseji na soda, kuna ada ambayo madereva wenyewe hulipa ili waingie na magari yao. Basi. Bowman Gray, kilicho mali ya serikali ya mji, hakikuendesha mbio mwaka huo.

Ndiyo kusema, kwenye mbio kubwa mtazamaji alikuwa amekwisha kuwa pambo. Kwenye kiwanja kidogo yeye ndiye anayewasha taa.

Na anajua hivyo. Hilo ni sehemu kubwa ya utamu wenyewe. Bei ya kuingia ni ndogo kiasi kwamba baba na mama na watoto watatu wanaweza kwenda kila juma, si mara moja kwa mwaka. Programu ya usiku mmoja ina madaraja mbalimbali. Pale Bowman Gray juu kabisa kuna Modified, magari mapana ya chini yenye matairi yaliyotokeza nje, kisha Sportsman, kisha Street Stock, na mwisho Stadium Stock, vigari vidogo ambavyo kijana mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuvitengeneza nyuma ya nyumba yao. Usiku mwingine kuna mchezo wa kufunga magari kwa minyororo, au ule wa kugongana hadi libaki moja linalotembea. Wapenzi wa mchezo safi hukunja uso. Watoto ndio husubiri hayo.

Dereva mwenyewe ni mtu wa karibu. Jumatatu yuko kazini kama wengine: garajini, kiwandani, shambani, kwenye lori. Katika viwanja vingi vidogo, mbio zikiisha, milango ya upande wa magari hufunguliwa na watu huingia kumpa mkono, kumuuliza gari limefanya nini, au kumwambia usoni kwamba alichomfanyia fulani kwenye kona ya tatu hakikuwa cha haki.

Familia ya Myers ni mfano ambao kila shabiki wa Winston-Salem anaujua. Ndugu wawili, Bobby na Billy Myers, walikuwa madereva hodari wa miaka ya 1950. Bobby alikufa katika ajali huko Darlington mwaka 1957. Mwaka uliofuata, Billy alipatwa na ugonjwa wa moyo akiwa anaendesha, papo hapo Bowman Gray, akafa. Mtu angedhani familia ingekimbia mchezo huo. Mtoto wa Billy aliendesha, na wajukuu zake Burt na Jason wanaendesha hapohapo hadi leo. Burt ameshinda ubingwa wa kiwanja mara zaidi ya kumi. Mpinzani wake mkubwa ni Tim Brown, aliyeshinda mbio nyingi za Modified kuliko mtu yeyote katika historia ya kiwanja hicho, na ambaye kazi yake ya siku za juma ni kutengeneza magari ya timu moja ya mbio kubwa. Upande mmoja wa kiwanja humshangilia mmoja, upande mwingine humzomea, na kuna watu waliorithi kuzomea kutoka kwa baba zao.

Barabara za usiku za Wilkes

Mapenzi hayo yana mizizi ya zamani. Kilometa zipatazo 90 magharibi mwa Winston-Salem kuna milima ya wilaya ya Wilkes. Huko, wakati pombe ilipokuwa marufuku na hata baadaye, wakulima walitengeneza kwa siri pombe kali ya mahindi, jamaa wa lutuku ya kwetu, na kuisafirisha usiku mijini. Gari la msafirishaji ilibidi lionekane la kawaida lisishukiwe, ila likimbie kuliko la polisi. Vijana walijifunza ufundi wa injini na kona katika kazi hiyo, na siku za mapumziko walishindana mashambani nani ana gari kali zaidi. Junior Johnson, mmoja wa madereva wakubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa pombe wa baba yake na kukaa gerezani miezi 11. Msamaha wa rais aliupata miaka thelathini baadaye, mwaka 1986, kutoka kwa Ronald Reagan.

Kiwanja cha nyumbani kwake ni North Wilkesboro, kilichoanza mwaka 1947. Kilikuwa katika ratiba ya NASCAR tangu msimu wa kwanza, 1949. Mwanzilishi wake, Enoch Staley, alipofariki mwaka 1995, matajiri wawili wenye viwanja vingine walinunua hisa. Hawakuwa na haja ya kiwanja. Walitaka tarehe zake mbili. Moja ilipelekwa Texas, nyingine New Hampshire. Mbio za mwisho zilifanyika Septemba 1996, na baada ya hapo majani yaliota kwenye nyufa za lami, mabati yakaoza, na mji mdogo uliokuwa unajaa mara mbili kwa mwaka ukanyamaza.

Kurudi kwake kulianza kwa jambo la kuchekesha. Mwezi wa Desemba 2019, Dale Earnhardt Jr., dereva mstaafu na mtoto wa dereva aliyekufa katika mbio za Daytona mwaka 2001, alikusanya watu wakang'oa majani na kufagia lami. Lengo halikuwa kukifungua. Walitaka tu njia yake ipimwe kwa mitambo ili iingizwe katika mchezo wa kompyuta kabla haijapotea kabisa. Lakini picha za lami iliyofagiliwa ziliamsha watu. Mwaka 2021 jimbo la North Carolina lilikipangia kiwanja dola milioni 18, kutoka pesa zilizotolewa na serikali kuu kwa ajili ya kufufua uchumi baada ya Korona. Agosti 2022 ziliandaliwa mbio za magari ya daraja la mikoani, Earnhardt akiwemo, na tiketi zote zilimalizika. Mwaka uliofuata NASCAR ilipeleka huko mbio zake za nyota, zikashindwa na Kyle Larson, na katika ratiba ya 2026 imekirudishia mbio za kuhesabiwa pointi, za kwanza baada ya miaka thelathini.

Viwanja vingine havikupata bahati hiyo. Irwindale, karibu na Los Angeles, kilifungwa Desemba 2024 baada ya miaka 25 tu. Ardhi ya eneo hilo ina thamani kubwa kuliko tiketi zozote zinazoweza kuuzwa juu yake. Sehemu nyingine ugomvi ni wa kelele: kiwanja kilijengwa nje ya mji, mji ukakua hadi ukakifikia, na wakaaji wapya hawataki kusikia injini Jumamosi usiku. Nashville, ambako watu wameshindana kwa magari tangu 1904, ilibidi ipige kura mwaka 2011 kuamua kama uwanja wa maonyesho na njia yake ya mbio zibaki. Walio wengi walitaka zibaki. Ugomvi haukuisha.

Mkono wa tajiri

Swali la leo ni lile ambalo watu wa North Wilkesboro walilijibu kwa miaka 26 ya majani: wakubwa wakija kukusaidia, wanataka nini?

Mwaka 2024 NASCAR ilichukua uendeshaji wa Bowman Gray, ambao kwa miongo mingi ulikuwa mikononi mwa familia na kampuni ya hapohapo mjini. Taa mpya zikawekwa, kuta zikatiwa vizuizi vya kisasa vya kupunguza mshtuko, wavu wa kuwalinda watazamaji ukabadilishwa. Tarehe 2 Februari 2025, kwa mara ya kwanza tangu 1971, madereva wa daraja la juu walirudi kushindana hapo, katika mbio za kufungua msimu zisizo na pointi. Mshindi alikuwa Chase Elliott. Burt Myers na Tim Brown walipewa magari wajaribu kufuzu pamoja na wakubwa, na ngazi zikapiga kelele kwa ajili yao kama vile wao ndio mabingwa wa taifa.

Usiku ule ulifaulu. Hata waliokuwa na mashaka walikubali. Bado kuna hofu ambayo mtu wa soka wa Lubumbashi au Bukavu angeielewa bila kufafanuliwa. Vizuizi vipya na taa mpya ni gharama, na gharama hutafuta mlipaji. Tiketi ikipanda kidogo kila mwaka, siku moja baba wa watoto watatu atakuja mara moja kwa mwezi. Gari la Modified likizidi kuwa ghali, fundi wa garaji atabaki kwenye ngazi kutazama watoto wa matajiri. Hakuna atakayetangaza kwamba kiwanja kimebadilika. Kitajulikana kwa viti, kama ilivyojulikana Bristol.

Kuna jambo jingine ambalo simulizi za mapenzi ya viwanja vidogo hupenda kulipita haraka. Ngazi hizo kwa muda mrefu zilikuwa za Wazungu, na bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa ilipepea kwenye viwanja hadi NASCAR ilipoipiga marufuku Juni 2020. Mwaka 1963, kwenye njia ya udongo ya Jacksonville, Florida, Wendell Scott, fundi wa magari Mweusi kutoka Danville, Virginia, alishinda mbio za daraja la juu. Lakini aliyepewa kombe siku hiyo alikuwa Mzungu, Buck Baker. Wasimamizi walikubali baadaye kwamba Scott ndiye aliyeshinda, wakidai makosa ya hesabu ya mizunguko, watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Alifariki mwaka 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe mwaka 2021.

Na Bowman Gray, kiwanja hichohicho, ndicho uwanja wa nyumbani wa timu ya mpira ya Winston-Salem State, chuo kikuu kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi. Kwa miaka mingi makundi mawili ya watu wa mji mmoja yamekalia ngazi zilezile, moja Jumamosi za kiangazi, jingine Jumamosi za baada ya kiangazi, bila kukutana sana. Mmoja aliyeunganisha pande hizo ni Rajah Caruth, kijana Mweusi kutoka Washington aliyejifunza kuendesha kwanza kwenye kompyuta, akasoma Winston-Salem State, na mwezi wa Machi 2024, akiwa bado mwanafunzi, akashinda mbio za malori za NASCAR huko Las Vegas.

Mji wenyewe na ile ya jirani inaendelea kubadilika. Katika miaka ya karibuni Wakongomani wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na North Carolina ni mojawapo ya majimbo waliyofikia. Kiswahili kinasikika Greensboro, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Bowman Gray. Watoto wao wanasoma shule moja na watoto wa mafundi wanaoshindana Jumamosi, na katika shule hizo Jumatatu asubuhi huzungumzwa nani alimgonga nani.

Mwezi wa Agosti ukiisha, magari hupakiwa kwenye matrela na kuondoka. Wafanyakazi huchora mistari myeupe kwenye majani, na Winston-Salem State huingia na bendi yake ya tarumbeta. Kwenye kuta kandokando ya lami, alama nyeusi za matairi hubaki palepale hadi Aprili.